Wiki nane za kumsoma Epicurus kwa simu: tathmini ya kozi niliyoilipia

Mwaka jana nilihamia katika nyumba niliyoijenga kwa miaka tisa, nikalala humo usiku wa kwanza kwa shukrani, na kabla mwezi haujaisha nikajikuta napiga hesabu za uzio, kisha baada ya uzio hesabu za vigae vya ua. Sikuwa na dhiki yoyote ya kusimulia, kwa maana mshahara wangu wa ufamasia unatosha, watoto wanasoma na afya ipo. Kilichonisumbua ni kuona kwamba kitu nilichokitegemea kwa miaka tisa kinipe utulivu kilinipa utulivu wa wiki tatu tu. Katika hali hiyo ndipo nilipoona tangazo la kozi ya intaneti iliyoahidi kumfundisha mtu kuridhika na maisha ya kila siku kwa kutumia falsafa ya Wagiriki wa kale, hasa ya Epicurus, nikalipa shilingi laki moja na nusu na kuanza. Nimeimaliza, na kwa kuwa nimeulizwa na watu kadhaa kama inafaa, naandika hapa kwa kirefu yale niliyoyapata na yale niliyoyakosa.

Kozi ni ya wiki nane na inafundishwa kwa Kiingereza. Kila wiki kuna mihadhara mitatu ya video ya takriban dakika ishirini, matini fupi za kusoma, zoezi la kuandika kwenye daftari kila jioni, na maswali ya kujipima. Mwalimu ni mtu aliyesoma Kigiriki cha kale na anaonyesha wazi kwamba anakijua, kwani kila anapofika kwenye neno gumu hulisimamia, akaeleza linavyotumika mahali pengine, kisha ndipo akalitafsiri. Video hazili data nyingi, na mtu anaweza kuzipakua usiku akazitazama mchana bila mtandao, jambo lililonisaidia sana katika wiki ambazo huduma ya intaneti ilikuwa dhaifu kwetu Tanga. Kwa upande wa utendaji, basi, sina lawama kubwa.

Wiki ya kwanza inasimulia maisha ya mwanafalsafa mwenyewe, na inasimulia vizuri. Epicurus alizaliwa mwaka 341 KK katika kisiwa cha Samos, mtoto wa mwalimu wa shule, Mwathene kwa uraia. Alifika Athens akiwa na umri wa miaka 18 kwa ajili ya mafunzo ya kijeshi ya vijana, katika mwaka uleule aliofariki Alexander Mkuu, na muda si mrefu Waathene waliokuwa wakiishi Samos wakafukuzwa na mali zao zikapotea, familia yake ikiwa miongoni mwao. Mtu huyu aliyefundisha utulivu hakukulia katika utulivu. Alifundisha kwanza katika miji ya Mytilene na Lampsacus, na mwaka 306 KK hivi akarudi Athens, akanunua bustani kwa mina 80, yaani drakma 8,000 za fedha ya Kigiriki, na bustani hiyo ndiyo iliyowapa wafuasi wake jina. Humo walikaribishwa wanawake na watumwa, jambo ambalo shule nyingine za zama zile hazikulizoea, na chakula chao cha kawaida kilikuwa mkate na maji. Inasimuliwa kwamba aliwahi kumwandikia rafiki amletee chungu kidogo cha jibini, ili atakapotaka kufanya karamu awe na kitu cha kufanyia. Mimi nilikuwa nimefundishwa tangu sekondari kwamba Mwepikuro, yaani mfuasi wa Epicurus, ni mtu wa anasa, hivyo habari ya jibini ilinifanya niisimamishe video na kuirudia.

Sehemu iliyonilipa fedha yangu ni wiki ya pili na ya tatu, zinazohusu matamanio. Epicurus aliyagawa mafungu matatu. La kwanza ni matamanio ya kimaumbile ambayo ni ya lazima, kama vile kula, kunywa, kujisitiri na baridi, na kuwa salama. La pili ni ya kimaumbile lakini si ya lazima, kama vile kutaka chakula kitamu badala ya chakula tu. La tatu ni yale ambayo si ya kimaumbile wala si ya lazima, yanayotokana na maoni matupu, kama vile kutaka kusifiwa au kutaka utajiri usio na ukomo, na alama ya fungu hili ni kwamba halina mahali pa kuishia. Njaa inaisha mtu akila. Hamu ya kuonekana mkubwa haiishi kwa kitu chochote, kwa sababu haikuanzia mwilini.

Kigiriki kina neno moja kwa mafungu yote matatu, na Kiingereza cha mwalimu kilikuwa na neno moja pia, kwa hiyo kila mara ilimbidi aongeze maelezo ili wanafunzi wasichanganyikiwe. Nilipokuwa naandika zoezi langu kwa Kiswahili niligundua kwamba lugha yetu inayo maneno matatu yaliyokwisha kugawanyika tayari, nayo ni haja, hamu na tamaa. Hakuna Mswahili anayesema ana tamaa ya maji wakati amekauka koo, wala anayesema ana haja ya kusifiwa na jirani, labda kama amekusudia kuchekesha. Nikaanza kuandika kila jioni katika safu tatu, na nyumba yangu ikaanguka katika safu zote tatu kwa wakati mmoja: paa na mlango unaofungika vilikuwa haja, chumba cha wageni kilikuwa hamu, na vigae vya ua, ambavyo nilitaka viwe kama vya jirani wa mbele, vilikuwa tamaa bila ubishi wowote. Sijui kama ningeuona mpaka huo upesi hivyo kwa lugha nyingine.

Jambo kama hilo lilitokea kwenye neno lenyewe ambalo mafundisho yote yanasimama juu yake, yaani kile Epicurus alichokiita lengo la maisha. Neno la Kiingereza alilolitumia mwalimu linavuta mawazo upande wa anasa, na alitumia muhadhara mzima kuwaondoa wanafunzi huko. Kwa Kiswahili tunalo neno raha, ambalo kwa asili halihusu kabisa kujaza kitu kinywani, kwani mtu akikwambia nimekaa raha anakuambia kwamba hana maumivu na hana wasiwasi. Hicho ndicho alichokifundisha Epicurus kwa maneno yake mwenyewe, kwamba kilele cha raha ni mwili usiouma na nafsi isiyotikisika, na kwamba baada ya hapo vyakula na vinywaji huibadilisha raha bila kuiongeza. Namsihi yeyote atakayeichukua kozi hii asiandike madaftari yake kwa Kiingereza, hata kama anakijua vizuri. Aandike kwa Kiswahili, na atakapokwama kupata neno, akae hapo hapo kwenye kukwama kwake, kwa sababu ndipo somo lenyewe lilipo.

Wiki ya nne ina kile kinachoitwa dawa nne. Kwa mfamasia jina hilo lilinivutia kuliko yote, na mwalimu alieleza vizuri kwamba neno la Kigiriki linatokana na marhamu halisi ya kale iliyochanganywa kwa vitu vinne, yaani nta, shahamu, lami na utomvu. Falsafa ililiazima jina hilo kwa mafundisho manne mafupi, ambayo yamehifadhiwa katika maandishi ya Philodemus, mfuasi wake wa karne za baadaye: mungu si wa kuogopwa, kifo si cha kuhangaikiwa, kilicho chema ni rahisi kupatikana, na kilicho kibaya ni rahisi kuvumilika. Kozi inawataka wanafunzi wayakariri na kuyasoma asubuhi na jioni kwa wiki nzima, kama vile mtu anavyomeza vidonge.

Hapa nina malalamiko mawili, nayo si madogo. La kwanza linahusu dawa ya nne. Mafundisho yanasema kwamba maumivu makali huwa mafupi, na yale ya muda mrefu huwa hafifu kiasi cha kuruhusu raha iwe nyingi kuliko maumivu. Mimi ninatoa mofini kwa wagonjwa wa saratani, na nasema kwa uhakika wa mtu anayewaona kila wiki kwamba kanuni hiyo si ya kweli kwa wote. Yapo maumivu makali na marefu. Mwalimu alilipita jambo hili kwa sentensi mbili, ilhali alikuwa na ushahidi bora kabisa wa kulijadili, nao ni kifo cha Epicurus mwenyewe, ambaye mwaka 270 KK alifariki baada ya siku kumi na nne za ugonjwa wa mawe uliomzuilia mkojo. Katika barua ya siku yake ya mwisho anakiri kwamba maumivu hayajapungua hata kidogo, lakini anasema kwamba ameyawekea mkabala furaha ya kukumbuka mazungumzo yake na marafiki, kisha anaomba watoto wa rafiki yake Metrodorus waangaliwe. Barua hiyo haisemi kwamba maumivu ni mepesi. Inasema jambo jingine, zito zaidi na la kweli zaidi, na kozi ingefanya vyema kuanzia hapo badala ya kuanzia kwenye fomula.

La pili linahusu dawa ya kwanza na ya pili, ambazo kwangu mimi Mwislamu haziwezi kumezwa kama zilivyo. Epicurus hakukana kuwapo kwa miungu, ila alisema haijishughulishi na mambo ya watu. Na kuhusu kifo alisema kwamba sisi tukiwapo chenyewe hakipo, na chenyewe kikiwapo sisi hatupo, kwa kuwa roho kwake hutawanyika pamoja na mwili. Mimi siamini hivyo, na sikutarajia mwalimu anibadilishe wala mimi nimbadilishe yeye. Nilichotarajia ni kuambiwa waziwazi mwanzoni kwamba mafundisho haya yana msingi unaopingana na dini za wanafunzi wengi, na kwamba tangu kale wasomaji wa dini mbalimbali wamekuwa wakichukua sehemu na kuacha sehemu. Hata neno falsafa tulilonalo lilitoka kwa Wagiriki likapitia kwa Waarabu kabla ya kufika kwetu, na wanazuoni waliolipokea huko hawakuacha imani yao ili kulipokea. Kwa upande wangu, fungu la matamanio limekaa sawa kabisa na yale niliyoyasikia tangu utotoni kuhusu kukinai, na fungu la roho nimelisoma kama mtu anavyosoma hoja ya mpinzani mwenye akili.

Upungufu mwingine unatokana na hamu ya kozi kufika haraka kwenye utulivu. Epicurus aliandika sana kuhusu maumbile, kuhusu chembe zisizogawanyika na uwazi, kuhusu radi na kupatwa kwa jua na mwezi, na alisema wazi kwamba kama hofu za mambo ya angani na ya kifo zisingetusumbua, tusingehitaji kabisa elimu ya maumbile. Kwake elimu hiyo ndiyo mzizi wa utulivu. Kozi imeukata mzizi na kutuletea matawi, na mwanafunzi anayeuliza kwa nini asiogope anajibiwa tu kwamba si lazima kuogopa. Barua ya Epicurus kwa Pythocles, ambayo ni fupi na inahusu mambo hayo ya angani, ingetosha kuziba pengo hilo kwa muhadhara mmoja.

Wiki ya sita, kwa upande mwingine, ni nzuri kiasi kwamba nimewaonyesha watoto wangu. Inahusu jinsi mafundisho yalivyotufikia. Tunapelekwa Herculaneum, mji wa kale wa Italia, ambako mlipuko wa volkano ya Vesuvius wa mwaka 79 BK uliifunika nyumba yenye maktaba na kuzigeuza hati zake kuwa makaa, na tunaelezwa jinsi hati hizo zilivyofukuliwa kuanzia mwaka 1752 na jinsi wengi walivyoziharibu kwa kujaribu kuzikunjua. Mwaka 2024 yalitangazwa matokeo ya kusomwa kwa safu kadhaa za hati moja ambayo haijakunjuliwa kabisa, kwa kutumia picha za eksirei na programu za kompyuta, na maandishi yaliyojitokeza yalihusu raha: mwandishi anajadili kama vitu adimu huleta raha zaidi kuliko vitu vilivyo tele, na anasema, kama ilivyo kwa chakula, kwamba hatuamini moja kwa moja kuwa vilivyo adimu vina raha zaidi. Kisha tunapelekwa Oinoanda, katika Uturuki ya leo, ambako katika karne ya 2 BK mzee mmoja tajiri aitwaye Diogenes, akiwa katika machweo ya maisha yake, aliamuru mafundisho ya Epicurus yachongwe kwenye ukuta mrefu mjini humo, maneno yapatayo 25,000 kwa makadirio ya wataalamu. Aliandika kwamba amefanya hivyo kwa ajili ya wenyeji, kwa ajili ya wageni, na hata kwa ajili ya watu ambao hawajazaliwa. Vipande vya ukuta huo vilianza kugunduliwa mwaka 1884 na mpaka sasa vimepatikana zaidi ya mia tatu. Nilipoziona picha za mawe yale yaliyotapakaa kwenye nyasi, nilifikiri juu ya mtu aliyekuwa na mali ya kutosha kujijengea kaburi la fahari, akaona bora ajenge ukuta wa kusomwa na wapita njia.

Wiki ya saba, inayowalinganisha Waepikuro na Wastoa, wafuasi wa shule nyingine ya falsafa ya kale, ni ya haraka na haina kipya kwa mtu aliyewahi kusoma habari za Mstoa Epictetus na mgawanyo wake wa mambo yaliyo katika uwezo wetu na yasiyo katika uwezo wetu. Inaweza kurukwa.

Nimeiacha wiki ya tano makusudi, kwa kuwa inahusu marafiki, na hapo ndipo kozi ilipokwama kwangu. Epicurus alisema kwamba katika yote ambayo hekima huyaandaa kwa ajili ya raha ya maisha mazima, kubwa kuliko yote ni kuwa na marafiki. Muhadhara uliyasema hayo kwa ufasaha, na kisha zoezi la wiki likatutaka tuorodheshe mialiko na michango tunayoweza kuikataa ili tuishi bila kujulikana, kwa kufuata usemi mwingine wa Epicurus. Nilikaa na orodha yangu jioni tatu. Ilikuwa na mchango wa harusi ya mtoto wa binamu, mchango wa msiba wa mtaani, na zamu yangu katika chama cha kuzikana. Kama ningefuata maelekezo ningefuta yote, na ningekuwa mtu mtulivu asiye na wa kumzika.

Nikayapeleka maswali yangu kwenye jukwaa la majadiliano la kozi, nikakuta ujumbe wa mwisho una umri wa miezi minne. Kikao cha moja kwa moja na mwalimu, ambacho kilitajwa kwenye tangazo, kilikuwa kimoja kwa kozi nzima, saa ambayo huku kwetu ilikuwa usiku wa manane. Ndipo niliposema moyoni kwamba kuna kasoro ya msingi. Bustani ya Athens ilikuwa mahali ambapo watu walikula pamoja, wakarekebishana, wakauguzana, na huduma hii inamfundisha mtu habari za bustani hiyo akiwa peke yake na simu yake chumbani.

Niliwaendea watu watatu ninaokaa nao barazani baada ya Alasiri, mmoja mwalimu mstaafu, mmoja fundi seremala na mmoja mfanyabiashara wa mazao, nikawaomba wanisikilize nikiwasomea barua ya Epicurus kwa Menoeceus, iliyo muhtasari wa mafundisho yake kuhusu maisha mema, kwa tafsiri yangu mwenyewe, aya moja kila kikao. Yule mwalimu mstaafu aliposikia usemi mwingine wa Epicurus, wa kutoharibu ulichonacho kwa kutamani usichonacho, alisema mara moja, usiache mbachao kwa msala upitao, na wote wakaipokea. Mfanyabiashara hakukubali upesi. Alisema kwamba mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na kwamba maneno ya kuridhika yakitoka kinywani mwa aliyeshiba huwa ni njia ya kumnyamazisha anayedai haki yake. Nilimsomea pale ambapo Epicurus anasema kwamba kilio cha mwili ni kutokuwa na njaa, kutokuwa na kiu na kutokuwa na baridi, akakubali kwamba huyu hakumwambia mwenye njaa avumilie, ila hakuacha kuuliza ni nani angeweza kumudu bei ya ile bustani. Swali hilo sijaliona likiulizwa popote katika kozi, na ni la haki.

Kuhusu orodha yangu ya michango, seremala ndiye aliyenipa jibu, na baadaye nililikuta kwa Epicurus mwenyewe, katika mkusanyiko wa semi uliogunduliwa Vatican mwaka 1888. Anasema kwamba hatuhitaji sana msaada wa marafiki kama tunavyohitaji kuwa na hakika kwamba msaada huo upo. Seremala alikuwa amesema kwamba mtu hatoi mchango wa msiba kwa sababu ya wafiwa peke yao. Anautoa ili alale usingizi akijua kwamba siku yake ikifika watu watakuja. Michango yote mitatu niliihamishia kwenye safu ya haja.

Kwa hiyo, kwa anayeuliza kama alipe, jibu langu ni hili. Kama una Kiingereza kizuri, subira ya daftari la kila jioni, na angalau watu wawili wa kukaa nao na kuzungumza, lipa, kwa kuwa wiki ya pili, ya tatu na ya sita peke yake zina thamani ya laki moja na nusu. Kama huna watu hao, watafute kwanza. Matini zenyewe ni za kale na tafsiri zake za Kiingereza zisizo na malipo zipo kwenye intaneti, na barua kwa Menoeceus haizidi kurasa chache, kwa hiyo asiye na fedha hatakosa kiini cha mambo. Anayetafuta cheti asihangaike, maana kinachotolewa mwishoni ni karatasi ya kuthibitisha tu kwamba video zote zimetazamwa.

Jambo moja ambalo kozi haikulitaja nililipata katika wasia wa Epicurus, ambao umehifadhiwa pamoja na barua zake. Aliagiza kwamba wafuasi wake waendelee kukutana tarehe 20 ya kila mwezi, kwa kumbukumbu yake na ya Metrodorus. Niliwasomea wenzangu barazani, na bila mjadala mrefu tukaichukua tarehe hiyo iwe yetu pia. Tumekwisha kukutana mara nne. Mwezi huu tutakaa uani kwangu, ambako bado ni mchanga mtupu, na seremala ameahidi kuleta mikeka.